Masjala Isiyostahili Msaada

Mama Majalada alikuwa kibarua. Hilo lisemwe mapema, maana watu waliomwona pale masjala ya ofisi ya ardhi kwa miaka ishirini na mitatu walidhani ndiye mwenye nyumba. Kila baada ya miezi mitatu alitia saini mkataba mpya, na kila mara mkuu wa ofisi, yeyote aliyekuwepo, alimwambia avute subira, ajira ya kudumu iko njiani. Njia gani hiyo isiyofika, hakuna aliyemweleza. Kazi aliijua, alichokosa ni cheti cha utunzaji wa kumbukumbu. Bila cheti hakuna ajira ya kudumu, na bila ajira ya kudumu hakuna kiinua mgongo. Naye alikuwa na miaka hamsini na saba, na kustaafu ni sitini.

Masjala yenyewe ni chumba kirefu chenye dirisha moja la nondo, rafu kumi na nne za chuma, na majalada elfu kumi na moja na ushei. Alipoanza kazi aliyakuta sakafuni, mengine yameshaonjwa na mchwa. Akayapanga kwa mitaa, si kwa namba kama waraka ulivyotaka, kwa sababu wanaokuja dirishani namba hawazikumbuki, lakini mtaa wake nani atausahau? Majalada ya kila mtaa aliyafunga uzi wa rangi yake, nyuzi alizozipata kwa mumewe, fundi cherehani. Jalada likitoka, mahali pake huweka kipande cha kadibodi kinachosema limekwenda kwa nani na lini. Mpima ardhi akilikalia siku tatu, Mama humfuata mezani kwake.

"Mwanangu, hiyo ni nyumba ya watu. Irudishe ikalale kwao."

Na mpima ardhi, mtu mzima mwenye wajukuu, huirudisha.

Sasa, kulikuwa na mfuko fulani wa wafadhili wa kuzijengea uwezo ofisi za umma. Mkuu wa ofisi, kijana wa tai aliyeletwa mwaka uliotangulia, alishuka masjala na karatasi zake akiwa na uso wa mtu aliyeota hazina.

"Mama, safari hii mambo yamejipa. Mafunzo miezi sita, kompyuta nne, na cheti. Vibarua wanaruhusiwa, mradi wawe wamekaa kazini miaka mitano. Nimeuliza mara mbili."

Mama Majalada akakaa chini. Alitaka kulia, ikatoka chafya, na vumbi likabeba lawama.

Masharti ya kustahili yalikuwa matatu. Ofisi iwe ya umma: ilikuwa. Isiwe imepata msaada kama huo karibuni: haijapata hata kiti. La tatu ndilo lililokuwa mfupa: ofisi ithibitishe kwamba ina upungufu. Atakuja mtathmini, ataomba jalada lolote, ataangalia saa. Likipatikana ndani ya robo saa, ofisi ina uwezo tayari, haistahili kitu.

"Wewe hutumia dakika ngapi?" mkuu akauliza.

"Mbili. Tatu likiwa rafu ya juu. Magoti haya."

Mkuu akashika kichwa. Nani angedhani kwamba ofisi ya serikali itaponzwa na mpangilio?

"Basi siku hiyo lisionekane. Zungukazunguka, urudi, useme halionekani. Neno moja tu, mama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Jioni nyumbani, fundi cherehani akawa mtathmini. Akaketi nyuma ya cherehani yake, akakunja uso, akaomba jalada la Mtaa wa Kisimani.

"Halionekani," akasema mkewe.

"Mke wangu, mdomo unasema halionekani, macho yanasema rafu ya tano."

Wakacheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza upya, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Wiki nzima walifanya mazoezi. Kutazama chini, kushusha pumzi, kusema. Kufikia Jumatano alikuwa analisema vizuri kabisa, kama mtu aliyelisomea.

Mtathmini alikuja Alhamisi, mwanamke mwembamba wa maneno machache. Mkuu alikuwa ameshamwandalia namba ya jalada kwenye karatasi. Mwanamke yule hakuitazama. Alitazama benchi la wateja, akamwona mama mmoja aliyevaa kandambili amekumbatia bahasha.

"Wewe mama, umefuata nini?"

"Jalada la kiwanja cha marehemu mume wangu. Shemeji zangu wanasema hakukiandikisha."

"Tuanze na hilo," akasema mtathmini, akatazama saa. Mjane akataja mtaa na jina la mumewe.

Mama Majalada akaenda kati ya rafu. Jalada lilikuwa usawa wa bega lake, uzi wa bluu. Akasimama mbele yake. Upande mmoja cheti, ajira, kiinua mgongo, magoti yapumzike. Upande wa pili neno moja tu, na neno hilo alilijua lilivyo. Katika ofisi ya ardhi mtu akiambiwa jalada halionekani, huenda nyumbani akakuta ukuta wa mwenzake umeshapanda. Angeweza kumwambia mtathmini, huyo ana gari na mshahara. Kumwambia mjane wa watu mbele ya macho yake, hapana, hilo hawakulifanyia mazoezi.

Akarudi na jalada.

"Dakika moja na nusu," mtathmini akasema, akaandika.

Mjane alishika karatasi yenye jina la mumewe, akaisoma kwa kidole, akaanza kulia polepole. Mkuu alikuwa anatazama dari.

Wiki mbili mkuu hakumsemesha. Hata salamu alizitoa kwa mafungu. Kisha barua ikaja, na kwa kuwa kila barua huanzia masjala, Mama Majalada ndiye aliyeifungua na kuigonga muhuri. Ofisi haikustahili. Utunzaji wake wa kumbukumbu ni wa kupigiwa mfano, barua ilisema, na sifa zote zimwendee mkuu wa ofisi kwa uongozi wake thabiti.

Aliisoma mara mbili. Halafu akaitunza barua, kama anavyotunza zote.

Siku ya tatu mkuu akashuka mwenyewe, anatabasamu.

"Mama yangu! Wale wafadhili wamenipigia simu, kumbe wamenisifu kwa barua. Hebu nipe, niiambatishe kwenye maombi yangu ya kupandishwa cheo. Mwisho kesho."

Mama Majalada akaenda kati ya rafu. Akakaa huko dakika kumi. Akarudi, akatazama chini, akashusha pumzi.

"Haionekani, mkuu."

Barua ilikuwa mahali pake. Vibarua hawafunguliwi majalada, wao ni orodha tu, na kati ya majalada elfu kumi na moja na ushei hakukuwa na moja lenye jina lake. Siku ile ya barua alichukua jalada jipya, akaliandika jina lake kamili kwa wino, akalifunga uzi, na barua ikawa ukurasa wa kwanza. Akaliweka rafu ya watumishi, kati ya dereva na mlinzi, wote wawili wa kudumu.

Mkuu aliitafuta mwenyewe hadi saa kumi na moja jioni, tai begani. Alitafuta kwenye wafadhili, kwenye mafunzo, kwenye barua zilizoingia, na kwenye jina lake mwenyewe. Kwenye jina la Mama Majalada hakutafuta, kwa sababu hakulijua, ingawa kwenye mikataba alikuwa ameshatia saini kando yake mara nne.