Nani Alilia Kwanza

Ukikutana na Mkubwa mahali popote, hata kama umesimama tu kwenye foleni ukingoja zamu yako, hutaondoka hapo bila kusikia habari za kuzaliwa kwake. Atakusimulia kana kwamba aliona kwa macho yake. Alikuwapo, ndiyo, sikatai, lakini unanielewa.

Atakwambia mama yao alipata pacha, wasichana. Yeye akatangulia. Akatoka amekunja ngumi, anapiga kelele hata watu wa nje wakasikia, na mkunga akamwinua juu akasema, "Huyu hapa kiongozi! Huyu ataongoza watu." Wa pili akafuata, kimya, amelegea, mpaka walipompiga makofi ya mgongoni ndipo akakohoa kidogo kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. Tangu siku hiyo wa kwanza akaitwa Mkubwa na wa pili Mdogo, na majina waliyoandikiwa hakuna anayeyakumbuka tena. Mdogo akamwita mwenzake dada, kwa heshima zote, ingawa walipishana kwa muda wa kuchemsha birika moja tu.

Sasa mwenzangu, mtu aliyezaliwa na ushahidi wa namna hiyo utamwambia nini? Mkubwa alikua akijua cheo chake kipo njiani. Kimechelewa tu.

Walifanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa nyuma. Mashine zinavuma tangu asubuhi, mvuke umetanda, vioo vya madirisha vinatoka jasho, na mwenye neno la kusema ni lazima apaze sauti. Shuka chafu zinaingia kwa toroli mlango huu, safi zinatoka mlango ule. Kazi ya pacha hawa ilikuwa kukunja. Shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mkitazamana, kila mtu na ncha zake mbili, mnaivuta mpaka inalia pwaa, kisha mnasogeleana mkutanishe ncha. Hawa wawili walikuwa wepesi ajabu. Hawaongei, hawahesabu, shuka inakwenda inarudi, imekwisha. Watu walisema ni damu hiyo, ni tumbo moja.

Msimamizi wao, mtu mzima waliyemwita Mama Sabuni, alikuwa anakaribia kustaafu. Kiti chake kilikuwa dirishani, mahali pekee penye hewa, na kiunoni alining'iniza funguo za stoo. Mkubwa alishakikalia kile kiti kwa macho siku nyingi. Alishachagua hata mto atakaoweka.

Tatizo lilikuwa moja, nalo ni Mdogo. Bomba la maji machafu likiziba, "Mdogo!" Mashine ikigoma, "Mdogo!" Mtu amegombana na mumewe, kaja kazini macho yamevimba, hamwendei Mkubwa mwenye nasaha tele alizoziandaa. Anakwenda kwa Mdogo, ambaye hasemi kitu, anampa tu foronya za kukunja ili akae karibu yake. Na Mdogo mwenyewe hajigambi, hapazi sauti, wala hajui kama anaongoza. Hilo ndilo lililommaliza Mkubwa. Laiti angejigamba, angalau angepata la kumsema! Wivu ulimla asubuhi mpaka jioni, naye akawa anajikaza kisabuni na kutabasamu meno nje.

Siku moja wakati wa chai, mwanamke mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, waliyemwita Tarumbeta, akaanzisha ubishi. Walikuwa wanajadili nani atarithi kiti.

"Kiongozi anazaliwa," akasema. "Uongozi hauoti ukubwani kama mvi."

"Wapi!" akadakia mwingine. "Shida ndiyo inampika mtu. Ambaye hajapata shida ataongoza nini? Ataongoza kitanda?"

Mkubwa akaona hapa ndipo. Akaweka kikombe chini. "Haya, nisikilizeni. Kama kiongozi anazaliwa, mimi nilitangulia, mkunga alisema na watu walisikia. Kama ni shida, mimi na Mdogo shida tumezila sahani moja. Mama alitufia wote wawili, tukiwa bado tunavaa sare za shule ya msingi. Baba akakata tamaa, nyumba ikawa juu yetu. Hajanizidi hata tone."

"Sasa mbona tukikwama tunamwita yeye?" akauliza Tarumbeta, wala hakuwa na nia mbaya.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mdogo peke yake hakucheka, aliinuka kukusanya vikombe. Mkubwa alicheka kwa sauti kuliko wote, huku roho inamuuma mpaka chai ikawa chungu mdomoni.

Haikupita wiki, Matroni, mkuu wa wauguzi na mwenye kauli ya mwisho juu ya chumba cha kufulia, akamwita Mkubwa ofisini. Mkubwa akajipangusa mikono, akafunga kitambaa upya. Ndiyo hii, akajiambia.

"Nataka kumpa mdogo wako kile kiti," Matroni akasema. "Wewe ndiye unayemjua. Niambie kweli, ana moyo wa kukaa na watu?"

Jamani! Hebu fikiria umengoja kitu tangu siku ya kwanza ya maisha yako, halafu unaitwa utoe ushahidi apewe mwingine. Mkubwa alihisi masikio yanawaka moto.

"Mdogo ni mchapakazi, Mama Matroni, hilo silikatai. Hachelewi, hagombani." Hapo alipuliza. Kisha akauma. "Ila moyo wake mkavu. Mimi ni dada yake, inaniuma kusema. Mama yetu alipofariki hakutoa hata chozi moja. Mimi nilizimia. Yeye alikuwa anapanga viti. Sasa mtu asiyemlilia mama yake mzazi, atamlilia nani?"

Lilikuwa neno la kweli, kila herufi, ndiyo maana liliingia. Matroni akaizungusha kalamu yake mezani, akasema ataliangalia jambo hilo. Jumatatu iliyofuata Mama Sabuni akastaafu, Mkubwa akakabidhiwa funguo, kwa majaribio, na Mdogo akapelekwa kwenye mlango wa kuingilia kupokea shuka chafu.

Loo! Siku ile Mkubwa alitembea utadhani sakafu ni yake. Mto akaja nao asubuhi hiyo hiyo. Akamtazama Mdogo kwa mbali, ameinama kwenye toroli la shuka zenye damu, na badala ya kufurahi akaona bado anamwonea gere, maana hata kule watu walishaanza kumfuata. Nimeshapata nilichotaka, akajiuliza, mbona bado inaniuma?

Na kwenye kukunja sasa palikuwa na pengo, basi akasimama yeye na Tarumbeta. Wakavuta shuka. Pwaa! Kisha wakabaki wanatazamana. Tarumbeta anasubiri, Mkubwa anasubiri.

"Si uje!" akasema Tarumbeta.

"Njoo wewe!"

Wakaja wote kwa pamoja, wakagongana vipaji vya uso, shuka ikaanguka kwenye maji. Watu wakacheka, Mkubwa akanuna. Lakini kuna jambo lilimkwama kichwani. Miaka yote ile hakuwahi kupiga hatua ya kwanza. Alikuwa anangoja bega la Mdogo litikisike, ndipo naye aende, na hakuwahi kujua kama anangoja. Akalisukuma jambo hilo kando, akaenda kukalia mto wake.

Siku chache baadaye bomba la maji ya moto likapasuka juu ya mashine. Mvuke ukajaa, maji yanayochemka yakamwagika sakafuni, wanawake wakarudi nyuma wakipiga mayowe, na macho yote yakamgeukia mwenye funguo. Mkubwa akafungua mdomo atoe amri. Sauti anayo, sauti haijawahi kumpungukia tangu kuzaliwa. Na sauti ikatoka, kubwa, ikasikika mpaka wodini:

"Mdogoo!"

Mdomo wake mwenyewe. Hakuna aliyemsingizia.

Mdogo akaja mbio na mabuti yake, akawatoa watu kwa mlango wa nyuma, akajifunika shuka mbichi kichwani, akaingia ndani ya mvuke na kufunga koki. Alipotoka akauliza nani ameungua. Hakuna. Basi akachukua ufagio akaanza kusukuma maji.

Jioni wenzao walipoondoka, pacha walibaki kukunja shuka zilizosalia. Hawajasimama hivyo tangu Mkubwa apewe kiti. Wakakunja ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu Mkubwa akalipuka, ncha mikononi.

"Hebu niambie, kwa nini wewe? Nilitangulia mimi! Shida tumepata sawa! Ulipewa nini wewe ambacho mimi nilinyimwa? Nakuonea wivu, unasikia? Nakuonea wivu mpaka nachoka!"

Mdogo akazikaza ncha zake. "Matroni aliniuliza kwa nini sikumlilia mama," akasema. "Anayejua hilo hapa kazini ni mtu mmoja tu."

Mkubwa akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Sina hasira, dada. Ila hukuona ilivyokuwa, wewe ulikuwa chini. Ulilia kwanza. Watu wote wakakukimbilia, huyu anakupepea, huyu anakupakata. Na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Baba akanishika bega, akaniambia, 'Usilie, mshike mwenzako. Mkilia wote wawili mimi nitafanya nini?' Nikakushika. Watu wakazidi kuja, hawana pa kukaa, nikapanga viti. Nikasema nitalia wakishaondoka. Walipoondoka ukaanza kuumwa wewe. Ulipopona, kukawa na baba. Zamu yangu haikufika." Akavuta pumzi. "Unasema unanionea wivu. Mimi nimekuonea wivu wewe tangu siku ile. Ulilia ukashiba."

Shuka ilikuwa imenyooka katikati yao. Mkubwa akangoja bega la Mdogo litikisike, kama siku zote, na kweli likatikisika, lakini Mdogo hakuja. Alikuwa analia. Analia vibaya, kama mtu asiyejua namna ya kulia, mdomo wazi na sauti hamna.

Mkubwa akasimama pale, hajui la kufanya na miguu yake. Halafu akaenda yeye. Akamtoa ncha mikononi, akamkumbatia, shuka safi ikaanguka chini wakaikanyaga wote wawili.

Asubuhi akaingia kwa Matroni kabla hajaitwa, akaweka funguo mezani.

"Nilichokwambia ni kweli, Mama Matroni. Hakulia. Ila sikujua sababu." Akakohoa kidogo. "Sababu ni mimi. Kiti ni chake, mpe."

Usidhani wivu uliisha siku hiyo. Nani kakudanganya? Mdogo anakaa pale dirishani mpaka leo, juu ya mto ule ule ambao Mkubwa aliona haya kuurudia, na kila anayekwama akiita "Mdogo!" Mkubwa roho inamchoma pale pale. Mara nyingine anaitika yeye kwa makusudi, anakwenda kuzibua bomba mwenyewe, anarudi amelowa na amenuna. Shuka bado wanakunja pamoja kazi ikizidi, na kuna siku anaanza huyu, kuna siku anaanza yule.

Na habari za kuzaliwa kwake bado anazisimulia, ukimpa nafasi na hata usipompa. Ngumi zimo, mkunga yumo. Lakini zamani, akifika kwenye zile kelele, alikuwa anainua kidole na kukukazia macho ili uelewe vizuri unaongea na nani. Siku hizi anatazama mikono yake. "Nililia kwanza," anasema. Halafu ananyamaza, naye si mtu wa kunyamaza.