Wanja wa Makaa

Kazimir Dombek aliikimbia kazi ya makaa akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na hajapata kutokea mtu aliyekimbia vibaya kuliko yeye. Kwao Pennsylvania baba alikuwa mchimba makaa, kaka zake wote wachimba makaa, na hata paka wao, aliyezaliwa mweupe, hakuna jirani aliyelijua hilo. Siku moja Kaz akaona kwenye ukuta wa posta picha ya manowari nyeupe pe, imetia nanga mbele ya minazi, mabaharia wamejipanga juu yake na nguo zinazong'aa. Hakujisumbua kuuliza meli ile inakwenda kwa nguvu ya nini. Akatia sahihi.

Ilikwenda kwa nguvu ya makaa. Alipofika melini wakamshusha ngazi hii, wakamshusha na ile, hadi tumboni kabisa, wakamkabidhi sepetu na kumwonyesha matanuru yanayotaka kulishwa. Mama yake alipopata habari alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mwanangu kayakimbia makaa," aliwaambia majirani, "nayo yakakata tiketi yakamfuata!"

Manowari ile serikali iliipa jina la jimbo, kama ilivyo desturi, lakini mabaharia waliiita Shangazi. Alikuwa mpana wa nyonga, mwenye makelele, na mtu wa nje hakuruhusiwa kumsema vibaya. Waliomchora walimrundikia mizinga kila walipoona nafasi: mikubwa mbele na nyuma, ya wastani mabegani, midogo ubavuni. Ile ya ubavuni waliiweka chini mno, karibu na maji, hivyo bahari ikichafuka kidogo tu mawimbi yaliingia kwenye matundu yake na kuwalowesha waliolala nyuma yake. Kisha, hata rangi haijamkauka vizuri, Waingereza wakatoa manowari ya namna mpya, mizinga yake yote mikubwa na mbio zake balaa, na magazeti yakatangaza kwamba meli za aina ya Shangazi zimepitwa na wakati. Masikini, alizeeka kabla hajaota meno! Watu wake wakakasirika kwa niaba yake, wakazidi kumpenda.

Uzuri alikuwa nao, lakini. Ubavu mweupe, sehemu za juu rangi ya haradali, na kwenye omo, mbele kabisa ya meli, nakshi kubwa ya dhahabu iliyong'aa kama jino la tajiri. Weupe ule ulikuwa kazi ya Malachy Haggerty, mkuu wa wapaka rangi katika kiwanda cha manowari cha Brooklyn, Mwairishi mjane, mwenye ndevu ndefu na hasira fupi. Haggerty alikuwa na binti mmoja, Delia, aliyeuza mikate ya nyama kwenye lango la kiwanda.

Kaz alinunua mkate wa kwanza akaula. Akanunua wa pili, akaula kwa shida. Wa tatu ulimshinda, akampa rafiki yake Orrin Tuttle, mchochea moto mwenzake, mtu asiyekuwa na dogo wala kubwa ambalo hakulifanyia mzaha.

"Hiyo njaa yako ni ya tumbo au ya macho?" Delia akamuuliza.

"Ya macho," Kaz akakiri.

"Basi usinimalizie mikate, kuna watu wamefanya kazi."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mambo yakanoga, na ilipofika siku ya kwenda kwa mzee, Kaz alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikamwasha. Mzee Haggerty alifungua mlango, akamtazama usoni kwa muda.

"Kijana, umepaka wanja?"

Vumbi la makaa lina tabia hiyo. Mwilini linatoka, kuchani linatoka ukilibembeleza, lakini kwenye mashina ya kope linakaa siku nyingi, na mchochea moto anatembea mjini macho yamerembeka kama bibi harusi. Na kwa kuwa manowari ikifika bandarini jambo la kwanza ni kujaza makaa, Kaz hakuwahi kushuka nchi kavu bila wanja wake.

"Ni makaa, Mzee."

"Najua ni makaa! Ninyi ndio mnaonichafulia meli. Nampaka rangi mwezi mzima, mnampakia makaa siku moja, anatoka kama chungu cha maharagwe. Sikia. Siku utakayokaa mezani kwangu umevaa koti kama watu, na macho yako hayana huo uchafu, siku hiyo uliza unachotaka kuuliza. Kabla ya hapo sina binti wa kukupa. Sawa, Makaa?"

Na tangu siku hiyo jina la Kaz kwa mzee likawa Makaa.

Punde si punde serikali ikaamua kuzituma manowari zake nyeupe kuizunguka dunia, walimwengu wazione. Shangazi naye akaenda. Kila bandari ilikuwa ngoma, maua na hotuba kwa walio juu, na kwa walio chini ilikuwa makaa tu. Ila siku ya kupakia makaa hakukuwa na juu wala chini. Watu wote walibeba, maofisa kwa mabaharia, bendi ikipiga juu ya mzinga mkubwa ili miguu isilale, na kila meli ilishindana na mwenzake. Ilikuwa ruhusa siku hiyo kuvaa takataka yoyote: magauni ya vikongwe, kofia ndefu za mabwana, suruali za kulalia. Siku nyingine mtu akikutwa melini na nguo za kiraia alikiona cha moto. Nguo hizo zilivumiliwa kwa sababu moja tu, kupakia makaa, nazo zilitunzwa pamoja kwenye gunia moja kuukuu.

Kule Yokohama Kaz alimtafuta fundi, akashonewa koti la buluu lililomkaa mwilini barabara. Sasa alifiche wapi? Akafikiri, akajipongeza kwa akili zake, akalikunja vizuri na kulitumbukiza chini kabisa ya lile gunia. Ofisa gani angepekua humo?

Waliporudi Brooklyn Delia alimwita chakula cha Jumapili. "Baba kakubali kukuona," alimwambia, "lakini ameshaanza kusema akikuta wanja mara hii, habari hii ife. Kaz, nakuomba, fanya uwezavyo." Kaz alijipanga. Makaa yangepakiwa Jumamosi, lakini yeye alikwishawabembeleza wenzake wabadilishane zamu, akapata kazi ya kulinda pampu, mbali na vumbi. Alikuwa amekaa huko safi kama yai, akijisemea maneno ya kumwambia mzee, aliposikia bendi imeanza na watu juu wanapasua vicheko. Akachungulia.

Tuttle alikuwa kileleni mwa lundo la makaa, kofia ya kike yenye manyoya kichwani, anakata kiuno. Mwilini amevaa koti la buluu la Yokohama.

Kaz hakujua alipandaje. Alijikuta katikati ya vumbi, makaa yakimporomokea, amemkamata mwenzake kola.

"Vua! Vua koti langu!"

"Lako kivipi? Si lilikuwa ndani ya gunia?"

"Ni la kuposea, bwege wewe!"

Tuttle akasita. Akautazama mkono wa koti, akageuza ndani, akaona bitana.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Nami najiuliza, gunia gani hili lina hariri?"

Koti likawa limekwisha, na macho ya Kaz, ambayo yangekuwa safi kwa mara ya kwanza maishani mwake, yalikuwa na wanja mzito kuliko siku zote. Alisugua hadi yakawa mekundu, ikawa mbaya zaidi. Jumapili alikwenda na sare yake ya kibaharia, roho mkononi, akijua anakwenda kumuaga Delia. Kutokwenda angeweza, lakini hakuona ni uungwana.

Delia alipofungua mlango alijiziba mdomo.

"Ingia," akasema, mabega yakimtikisika. "Leo humu ndani mna vioja viwili."

Mzee Haggerty alikaa mezani kama mtu aliyefiwa, na alikuwa kijivu. Ndevu kijivu, nyusi kijivu, kope kijivu, si kwa uzee bali kwa rangi ya mafuta iliyogoma kutoka. Wiki ile amri ilikuwa imekuja kutoka Washington: weupe basi, manowari zote zipakwe kijivu ili adui asizione kwa mbali, na nakshi za dhahabu ziondolewe kwenye omo.

"Kijivu!" akasema kabla hata ya salamu. "Rangi ya panya. Rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kaa chini, Makaa. Koti liko wapi?"

Kaz angeweza kubuni uongo, lakini kwa uongo hakuwa fundi. Akasimulia yote, gunia, bendi, Tuttle, hariri, na alipofika kwenye kofia ya manyoya Delia akakimbilia jikoni. Mzee hakucheka.

"Na macho?"

"Macho ndiyo haya, Mzee. Ila nasikitika kuhusu ule weupe."

"Wewe unausikitikia? Wewe uliyeuchafua dunia nzima?"

"Niliuchafua, ndiyo, na niliuosha. Kila tukimaliza makaa tulining'inia na kamba kumwosha Shangazi. Ule upande wa kulia niliuomba mimi mwenyewe, tangu Trinidad hadi Yokohama. Sisi wa chini hatuoni kitu, Mzee, tunaona moto tu. Lakini siku ya kushuka, mashua ikishasogea mbali kidogo, unageuka nyuma, unamwona amesimama pale anawaka na jua. Nilikuwa nawaambia wenzangu, ule ni mkono wa babake Delia. Wakanichoka kwa kuwaambia."

Mzee akakuna ndevu.

"Na dhahabu ya omo uliiosha na nini?"

"Kitambaa laini. Bila sabuni."

"Nani alikufundisha bila sabuni?"

"Delia."

Haggerty akageukia jikoni. Delia alikuwa amesimama mlangoni, kioo cha ukutani mkononi. Akaja, akakisimamisha mezani mbele ya baba yake.

"Baba, jitazame kope kwanza, halafu uhukumu za wenzako."

Mzee akajitazama. Akamtazama Kaz. Akajitazama tena. Kitu kikaanza kumtekenya kwa mbali tumboni, kikapanda, na alipoachia kicheko vijiko vilitikisika. Alicheka mpaka machozi yakachora michirizi miwili myeupe kwenye mashavu ya kijivu, na Kaz, ambaye hakujua kama anaruhusiwa, akaanza kucheka naye.

"Haya, Makaa," mzee akasema alipopata pumzi. "Uliza hilo swali lako kabla supu haijapoa."

Harusi ilifanyika masika yale. Kabla ya kuingia kanisani Delia alimsimamisha bwana harusi, akapitisha kidole kwenye mfuko wa sare yake, mahali palipokuwa na vumbi siku zote, akajipaka machoni. "Ili tufanane," akasema. Padre alishangaa, lakini mzee hakuwa na la kusema, maana ndevu zake zilikuwa kijivu bado. Tuttle alikuja na koti la Yokohama, limefuliwa, limegeuka rangi isiyo na jina, akacheza nalo hadi wenyeji wakamwomba akapumzike.

Shangazi naye aliishi maisha yake. Wakambebesha mlingoti wa vyuma vilivyosukwa mfano wa tenga la kuku, akafundisha wanafunzi ubaharia, na vita vya Ulaya vilipokwisha akarudisha askari nyumbani, vitanda vimepangwa hadi palipokuwa na mizinga, nao wakimwimbia njia nzima. Mwisho mataifa yakakubaliana kupunguza manowari, na yeye akauzwa akakatwe chuma chakavu. Kaz alikuwa amehamia meli zinazokwenda kwa mafuta, ambako mtu anageuza vali tu na kope zinabaki safi, na Delia alilalamika kwamba mumewe amepungua uzuri.

Siku alipokwenda kumuaga Shangazi, Kaz aliomba kipande cha chuma cha ubavu wa kulia, akambebea mkwewe. Mzee Haggerty alikuwa ameacha kazi, anakaa dirishani na wajukuu wakimpanda mabega. Alikipakata kile chuma, akatoa kisu chake, akaanza kukwangua taratibu. Kijivu kikatoka, chini yake kijivu kingine, na kingine tena, akikitukana kila kimoja kwa Kiairishi, watoto wakifurahi. Halafu kisu kikapita, na chini yake pakang'aa weupe.

"Huyo hapo," akanong'ona. "Wangu huyo."

Kaz akanyoosha mkono ili aguse. Mzee akakivuta chuma kifuani haraka, akiitazama ile mikono iliyojaa mafuta ya mashine.

"Kanawe mikono kwanza, mwanangu."

Kaz alikwenda kunawa, akakawia kidogo, maana na macho nayo yalihitaji maji.