Safari ya Nyamache Kumwomba Mkwe Nisiyeweza Kumwona

Nilitoka chuoni Kampala kwa likizo nikiwa na harusi yangu kichwani. Mimi na mchumba wangu Moraa hatukutaka harusi iwe nakala ya harusi za wengine. Mimi nilitaka mzee wa obokano, zeze letu la nyuzi nane, atupigie mlangoni pa kanisa. Moraa alitaka jambo moja tu: mama yake awe ndani. "Asipokuwepo, mimi sisimami mbele ya mchungaji," alinionya.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa maana kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Aibu hiyo ya heshima tunaiita chinsoni. Tangu utotoni nimeuliza inalinda nini, na jibu lilikuwa lile lile: "Nyamaza."

Meli ya ziwani ilinishusha Kisumu asubuhi, na basi likapanda milima hadi Kisii. Nilipofika nyumbani Kebirigo nilimwambia baba kwamba nitakwenda kumweleza mama mkwe kuwa desturi hii haina maana.

"Mweleze," akasema baba. "Ila kwanza umpate."

Kesho yake nikapanda baiskeli kwenda Nyamache, na vilima vingine vikanipanda mimi. Nyanya yake Moraa alinipokea uani kwa vigelegele, maana yeye ni mtani wangu.

"Mume wangu amefika! Mbona miguu myembamba hivi? Huko chuoni wanawalisha karatasi?"

Akaniketisha nje, nikiupa mgongo ukuta wa jiko. Ndani mama mkwe alikuwa akisaga wimbi. Moraa aliketi kizingitini, kati yetu.

"Nyanya, mwambie mama tunamwomba aje kanisani."

"Anasema uje kanisani!" nyanya akapaza sauti.

"Mwambie nimesikia," ikajibu sauti ya ndani.

"Anasema amesikia."

"Mwambie pia desturi hii haina maana."

"Hilo silipeleki," akasema nyanya.

Halikuhitaji kupelekwa. Jiwe la kusagia likaanza kuvuma kwa nguvu, na Moraa akainamisha kichwa. Niliona harusi inaniponyoka. Nikauliza tena, safari hii kwa kutaka kujua kweli:

"Nyanya, muulize anaogopa nini."

Jiwe likanyamaza.

"Mwambie siogopi. Moraa nimemzaa mimi. Nikimkodolea macho mumewe, ni kama nimeingia chumbani mwao. Lakini kumwona mtoto wangu akiolewa, nani asiyetaka?"

Baada ya kufikiri nikasema, "Kanisani bwana harusi hutazama mbele. Mama akikaa nyuma, nami nisigeuke, itafaa?"

"Na kutoka?" akauliza nyanya. "Utatoka kinyumenyume kama ng'ombe aliyekwama zizini?"

Wote tukacheka, na mmoja alichekea jikoni. Kisha sauti ikasema, "Mwambie alete mwavuli."

Mjini Kisii niliingia duka la mzee mmoja Mwislamu, nikachagua mwavuli mdogo.

"Mwavuli, na jua hili?" akashangaa.

"Wa mama mkwe."

"Ala! Basi rudisha huo, kijana wangu. Chukua huu mpana."

Jumapili, kanisani Kebirigo, nilisimama mbele na shingo ikaanza kuniwasha. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ilianzisha wimbo, na kanisa zima likaifuata. Niliijua sauti ile. Niliwahi kuisikia kupitia ukuta. Sikugeuka. Moraa akaja kando yangu, uso umemchangamka, akala kiapo bila kusita.

Tulipokuwa tukitoka, obokano ikilia mlangoni, mwavuli mweusi ulifunguka kwenye benchi la mwisho. Watu wakaangua kicheko, mchungaji naye hakujizuia. Chini ya mwavuli ukatoka mkono, ukamnyooshea Moraa shela, ukamshika shavu, ukarudi ndani.

Likizo ilipokwisha Moraa alinisindikiza hadi Kisumu. Njiani nilimwambia kwamba sijaacha kuuliza maswali, ila nimejifunza kuwa lile la chinsoni lilikuwa na jibu siku zote. Nilikuwa nikiwauliza watu lisilowahusu.

"Mama naye amekusifu," akasema.

"Kwa lipi?"

"Anasema una kisogo kizuri."