Sita ya Kunyamaza

Kila Jumamosi mchana, kabla ya kufungua daftari la mchezo, mchoraji ramani wa mgodi alifunga dirisha, hata joto likiwa la kuchemsha watu. Mchezo aliutunga mwenyewe: chombo kinasafiri kati ya nyota, wachezaji wanachagua njia, kete inaamua. Aliwasomea wenzake watatu wa ofisini kwa sauti ya mtu anayeungama, beji ya chama tawala kifuani, mkono wa kushoto mfukoni. Chola, mwanamke mpiga chapa, aliweza kustahimili dhoruba za jua na majoka ya chuma; ukurasa wa arobaini ndio aliouogopa. Hapo Mkuu wa Sayari anauliza: nani alinicheka? Anayetaja jina la mwenzake anapita bila kurusha kete. Anayenyamaza lazima apate sita. Wote walitaja, kila mara, huku wakitupia mlango jicho.

Jumamosi moja Chola alichoka kutaja. "Nanyamaza," alisema, kete ikilowa jasho mkononi. "Lakini baba, juu ya nini kunyamaza iko ngumu vile?"

Mchoraji akatoa mkono mfukoni, akauweka mezani polepole. Vidole vitatu havikuwa na kucha. "Siku ile batu ba chama baliniuliza jina, miye nilinyamaza," akasema. "Nilipata moja."

Chola akarusha. Kete ikazunguka, ikasimama: sita. Mchoraji akafunua ukurasa uliofuata, wote wakainama kusoma. Ulikuwa mweupe.

"Bado sijaandika, mama," akanong'ona, macho dirishani. "Hakuna mutu mwenye alifikaka pale."