Saa Nane Kwenye Viota vya Kulastara

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2017, nilitapikiwa samaki kichwani. Nilikuwa chini ya mti kando ya mto, pale Irving, Texas, nimeachama kinywa natazama juu, na kinda la kulastara likafanya linachofanya likiogopa mtu: likamwaga tumbo lote. Meneja wa Mradi, Mkenya mwenzangu, alicheka mpaka akashikilia gari. "Karibu job, Mama Akinyi," akasema. "Sasa ume-qualify."

Nilikuwa nimefundisha baiolojia Kisumu miaka mingi kabla ya kumfuata binti yangu, muuguzi wa Arlington. Mnaniuliza kazi ile ilikuwa nini. Mtu anataka kujenga, miti ina viota, na sheria hairuhusu kukata kiota chenye yai au kinda. Basi anatumwa mwenye darubini akakague.

Ndege huyu mnamwita korongo, na mnakosea. Mtazameni akiruka: korongo hunyoosha shingo, kulastara huikunja. Dume huleta vijiti, jike husuka. Mayai hulaliwa wiki nne, na makinda hukaa kiotani kama miezi miwili. Sisi tulisoma chokaa, yaani kinyesi cheupe chini ya mti. Chokaa mbichi, kuna mwenyewe; ikishaoshwa na mvua, wamehama.

Mwaka 2019 nilihamishiwa Houston, karibu na ghuba. Mkuu wa Ofisi ya huko alikuwa mtu wa kuangalia saa wakati unaongea. Nilipewa viota tisa. Kufikia Juni vinane vilikuwa vitupu, na cha tisa kilikuwa na makinda mawili yaliyosimama ukingoni yakijaribu mbawa. Nilihitaji wiki mbili tu.

"Mama, Mkuu amechoka kungoja," Meneja yuleyule wa Irving akaniambia kwa simu. "Crew inakuja Thursday. U-check asubuhi. Ukipata kitu, tuta-stop."

Kiongozi wa wakataji alikuwa Nestori, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, aliyeletwa na kikosi chake kutoka Haltom City, kule karibu na Arlington. Nikampigia mwenyewe, tena kwa furaha ya kusema Kiswahili. "Nestori, njoo saa nane. Nitakuwa nimemaliza kukagua."

"Sawa mama. Saa nane kamili."

Saa nane yangu ni baada ya chakula cha mchana. Ya kwake, baada ya miaka mingi ya kiwanda na watoto wanaomjibu kwa Kiingereza, ilikuwa ile namba nane iliyo kwenye uso wa saa, yaani saa mbili yetu ya asubuhi. Nilifika saa tatu asubuhi nikasikia msumeno tangu barabarani.

Mti ulikuwa chini. Kinda moja limekufa chini ya tawi. La pili lilisimama na bawa limevunjika, likanitapikia viatuni. Mzazi mmoja akaja, koo limejaa samaki, akazunguka pale mti ulipokuwa, akatua kwenye uzio.

Nestori alivua kofia ya kazi. "Mama, si ulisema saa nane? Nimefika saa nane."

"Saa nane ya mchana, Nestori!"

"Hapa nane ni eight, mama." Akaketi kwenye gogo, akafanya ishara ya msalaba. Kinda la pili lilikufa ndani ya koti langu.

Nikampigia Meneja. "Andika empty, weka date ya jana," akasema. "Si sasa ziko empty? Ukiandika vingine, Nestori ndiye ata-lose job."

Nikaandika "tupu" kwenye ripoti ya ukaguzi, nikaweka tarehe ya jana. Nilijiambia namwokoa Nestori. Uongo mtupu, nilikuwa naokoa kazi yangu. Yeye waliacha kumwita kazini miezi michache baadaye, na mimi sikumtetea.

Nilistaafu mwaka 2020, ofisi zikiwa zimefungwa, nikaagwa kwa barua pepe ambayo jina langu lilikosewa. Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona aibu ya kukasirikia herufi.

Nestori hunipigia bado, mara nyingi kunialika kwenye ubatizo au harusi. Kila akitaja muda huuliza, "Saa ya kwetu au ya huku, mama?" Kosa lake lilikuwa neno moja, na analirekebisha mpaka leo. Langu pia lilikuwa neno moja. Liko ofisini, lina sahihi yangu na tarehe ya jana yake, na Nestori hajui kwamba niliandika tupu.