Mkono Uliofika Bordeaux

Mimi si mtu wa kupanda meli za matajiri, na wanaonijua hapa Tottenham watakuwa wa kwanza kukuambia hivyo. Nilipanda kwa sababu ya kilio. Mama yetu alifariki Bukavu wakati mimi niko London na dada yangu mkubwa, Furaha, yuko Bordeaux, kila mmoja amekwama upande wake. Kwa mila ya ukoo wetu, kilio cha mzazi hakitoki mpaka watoto wamekula kwenye sahani moja: mkubwa anamnawisha mdogo mikono, anamega tonge la kwanza na kumpa. Kabla ya hapo nyumba haina sherehe. Tuliobaki tulikuwa sisi wawili tu, na tulikuwa hatujala.

Furaha alilibeba jambo hilo kuliko mimi. Alivaa kitenge cheusi, hakukanyaga harusi ya mtu, na binti yake alipopata mchumba, alikataa kupokea mahari.

"Nitapokea mahari namna gani mu nyumba ya kilio?" aliniambia kwenye simu, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Bakwe banaanza kukasirika, Bahati. Banasema tunabadharau."

Yeye alikuwa bado anasubiri makaratasi yake Ufaransa, kwa hiyo hakuweza kutoka. Mimi nilikuwa na kitabu cha safari cha mkimbizi, na viza ya Ufaransa nilishanyimwa zaidi ya mara moja.

Ndipo Mzee Harold alipopata wazo lake. Huyu ni Mwingereza wa Blackheath niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake: kumwogesha, kumvalisha, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Yeye na mkewe, Jean, walikuwa wameshalipia safari ya meli ndogo ya kifahari, kutoka London kushuka pwani ya magharibi ya Ulaya mpaka Bordeaux na kurudi. Jean akafariki kabla ya siku kufika. Mzee akasema nafasi haitapotea bure, na kitanda cha pili nitalala mimi. Kampuni ya meli ikaandika barua, ubalozi ukanipa viza. Furaha aliposikia kwamba meli inafunga gati katikati ya mji wake, alianza kupiga kigelegele, akakikata katikati kwa sababu kilio kilikuwa bado.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka Seven Sisters mapema, nikafika Blackheath Mzee akiwa amekaa kitandani, tai shingoni, suruali bado. Nilimmalizia. Mlangoni kulikuwa na ndoano, na kwenye ndoano koti la kijani la Jean, lililoning'inia pale tangu afariki. Sanduku halikupita vizuri, nikalishika koti nilisogeze.

"Usiliguse!"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. Nikaliacha, nikapitisha sanduku juu ya kichwa changu kama mpagazi. Tukachukua teksi mpaka mtoni.

Meli ilikuwa imefungwa karibu na daraja la Tower, nyeupe, ndogo kuliko nilivyotazamia, lakini kila kitu ndani yake kilikuwa kinang'aa. Mama mmoja Mfilipino, ofisa wa meli aliyeitwa Luz, alikusanya pasi za abiria wote. Zile nyingine zilikuwa nyekundu. Kitabu changu kilikuwa cha buluu, na alikiweka juu kabisa. Daraja likafunguka, watalii wakatupungia mikono kutoka kingoni, na mimi nikawapungia kama mtu aliyezaliwa akipungiwa. Nilijisikia bwana mkubwa kwa muda wa saa moja hivi.

Honfleur, Ufaransa, ndiyo ilikuwa bandari ya kwanza. Mzee alitaka kuona kanisa lao la mbao, kwa hiyo nikamshusha. Askari wa mpaka alifungua kitabu changu, akagonga muhuri, akasema karibu. Nilimsukuma Mzee juu ya mawe ya barabara huku naimba kimoyomoyo. Nimeingia Ufaransa! Kilichobaki ni kuteremka pwani mpaka kwa dada.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, Luz aliniita pembeni. Alikuwa na kitabu changu mkononi.

"Bwana Bahati, viza yako ni ya kuingia mara moja tu. Unajua?"

"Najua. Nimeshaingia."

"Kesho tuko Guernsey. Guernsey si Ufaransa. Halafu tunakwenda Bordeaux."

Nilimwelewa palepale. Wakati wa kuomba viza niliangalia ratiba, nikaona Ufaransa, nikaandika Ufaransa. Nilihesabu nchi, sikuhesabu nitapita mlangoni mara ngapi. Kisiwa kidogo kile cha Waingereza katikati sikukipa uzito wowote. Wazungu mezani walikuwa wakibishana juu ya siagi ya Guernsey, nami nikawaona kama watu wa sayari nyingine.

Usiku mzima nilipiga hesabu, nikajipatia dawa. Nisiposhuka Guernsey, basi Ufaransa sijaiacha. Nitabaki ndani ya chuma hiki, mguu wangu hautagusa kisiwa, na Bordeaux nitaendelea nilipoishia. Mtu yeyote wa kwetu aliyeishi na makaratasi ya aina yangu angefikiri hivyohivyo. Tumezoea kwamba kosa ni kukanyaga.

Guernsey kulikuwa na jua. Abiria walipelekwa nchi kavu kwa boti ndogo. Nilimwambia Mzee kichwa kinaniuma, siwezi kushuka.

"Kichwa chako kinaweza kuuma ndani ya boti," alisema.

"Siwezi, Mzee."

Akashushwa na mhudumu wa meli, amenuna, blanketi limekaa upande. Mimi nikakaa katikati ya sitaha, mbali na ukingo, mikono mapajani. Bado nacheka nikijikumbuka. Siku ile sikucheka.

Tulipoiacha Guernsey bahari ilichafuka. Ghuba ya Biscay ilitutupa huku na huku, vyombo vikavunjika jikoni, nahodha akapunguza mwendo. Mzee hakutapika hata mara moja. Aliyetapika ni mimi mlezi wake, na yeye ndiye aliyenipa taulo kutoka kwenye kiti chake.

"Haya, sema," aliniambia. "Kile hakikuwa kichwa."

Nikamweleza yote: Mama, kilio, sahani, mahari, viza. Alisikiliza akiwa ameshika meza isimkimbie. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Na mpaka mle, dada yako havui nguo nyeusi?"

"Havui."

Akanipa taulo lingine.

Asubuhi iliyofuata tuliingia mto Gironde. Maji yalibadilika yakawa ya kahawia kama chai ya maziwa, mashamba ya mizabibu pande zote mbili. Nahodha alitangaza kwamba dhoruba imetuchelewesha: badala ya kulala Bordeaux, tutaondoka alasiri hiyohiyo maji yakijaa, maana mto ule hausubiri mtu. Nilikaza ukanda wa suruali, sijui kwa nini.

Bordeaux ilijitokeza kwenye kona ya mto, nyumba za mawe zimejipanga ukingoni, na meli ikasogea mpaka gati la katikati ya mji. Nilimwona Furaha kabla kamba hazijafungwa. Kitenge cheusi, kigoda mkononi, kikapu miguuni. Amenenepa, nikafurahi. Akanyoosha mkono bila kupunga, kama mtu anayesimamisha gari.

"Bahati! Shuka!"

Ngazi ikateremshwa, na chini yake akasimama askari wa mpaka, mtu wa makamo mwenye miwani. Alisoma kitabu changu kwa makini, akanisemesha Kifaransa.

"Umeingia Honfleur. Umetoka. Sasa unataka kuingia mara ya pili. Haiwezekani."

"Sikutoka, bwana. Guernsey sikushuka. Muulize huyu mama. Nilikaa ndani," nilisema, nikimwonyesha Luz aliyesimama nyuma yangu.

Alinitazama, na sikuona ubaya usoni mwake. Hilo ndilo lililonitisha.

"Meli ilipotoka, na wewe ulitoka," alisema. "Hukuhitaji kushuka."

Siku nzima ya kukaa kama kuku anayeatamia, bure! Luz alijaribu kumwomba. Akakataa kwa adabu. Nikauliza kama Furaha anaweza kupanda. Luz akatikisa kichwa, asiye na pasi hapandi. Basi kikapu tu? Chakula kilichopikwa nje hakiingii melini, alisema, na macho yake yalinihurumia kweli.

Furaha alikuwa amesikia yote. Alisogea mpaka chini ya ngazi, kigoda mkononi.

"Na hii ngazi?" alimuuliza askari kwa Kifaransa. "Ni ya nani?"

"Ya meli, bibi."

"Mpaka wapi?"

Askari akatazama ngazi. Mwisho wake ulikuwa na magurudumu madogo yaliyokaa juu ya mawe ya gati. "Mpaka pale," alisema.

Furaha akanigeukia, akaongea kama ananituma dukani.

"Bahati, kuya huku, ukae pale chini, pa mwisho. Miguu yako uivute juu. Usikanyage ku mawe yao."

Aliweka kigoda kwenye gati, akakaa. Mimi nikashuka hatua kwa hatua, nikakaa kwenye ubao wa mwisho, nimekunja miguu kama mtoto anayeogopa siafu. Akafunua kikapu: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, vile vidagaa vya ziwa Kivu, alivyotumiwa na mtu. Harufu ilinipiga nikasahau nilipo. Sahani akaiweka chini, upande wa Ufaransa.

"Bibi," askari akaanza.

"Miguu yake iko mu meli," Furaha alisema kwa Kiswahili, kisha akajirekebisha kwa Kifaransa. "Miguu yake imo melini. Mkono nao unahitaji viza?"

Abiria walikuwa wamejaa kwenye ukingo juu yetu. Mzee Harold alikuwa mbele yao kwenye kiti chake. Askari alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Nilimwona akiangalia kitenge cheusi cha dada yangu, kisha sahani.

"Kazi yangu ni kuangalia miguu," alisema hatimaye, na akasimama palepale kuiangalia.

Furaha alinimiminia maji mikononi kutoka kwenye chupa. Wakati huo maji ya mto yalikuwa yanajaa, meli inapanda nayo, na ngazi ilianza kujivuta nyuma kidogo kidogo, magurudumu yakilia. Nilipoinama kuifikia sahani nusura nianguke.

"Yaya, inaondoka!" nilimwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

"Nyamaza. Kula."

Alimega tonge, akachovya kwenye sombe, akaliweka kiganjani mwangu. Nilikula. Akala yeye. Kisha akalitaja jina la mama yetu, kwa sauti, mbele ya Wafaransa na Waingereza wote wale, na tukalia tukiwa tunatafuna. Sikuona aibu hata kidogo. Juu yetu king'ora cha meli kikalia.

Hapo nikasikia sauti ya Mzee, kali kama kawaida yake.

"Bahati! Hicho ni cha ndugu peke yao?"

Nikamtafsiria Furaha. Aliuliza mzee huyu ana nini. Nikasema amefiwa na mkewe, na kitanda ninacholalia kilikuwa cha mke huyo.

"Basi bamuoshe mikono," alisema dada yangu, na akamega tonge lingine, kubwa.

Nililipandisha ngazini ndani ya ngumi. Luz, aliyejua sheria ya chakula kuliko sote, aligeuka kuangalia kamba zinavyofunguliwa. Mhudumu akamwagia Mzee maji ya glasi vidoleni. Alikula taratibu, sombe likamchafulia tai, nami nikamwambia kwetu sasa unalitaja jina la uliyempoteza.

"Jean," alisema.

Ngazi ikavutwa. Meli ilipoachana na gati, Furaha alikuwa amesimama, anafungua kile kitenge cheusi mbele ya askari na kila mtu. Chini yake alikuwa amevaa kingine cha njano. Alikuja amejiandaa, dada yangu, hata kabla ya kujua kama tutakula! Na kigelegele alichokikata kwenye simu, siku ile alikipiga mpaka mwisho.

Njia ya kurudi London tulipitia bandari nyingine za Ufaransa, na zote nilizitazama kutoka sitahani bila uchungu. Nilichojifunza nitawaambia wenzangu wenye vitabu vya buluu: hesabuni milango, msihesabu nchi, na msidhani kutulia kwenye kiti kutawaokoa. La pili nililiona baada ya kufika nyumbani, na sikuwa nimelitafuta.

Wiki chache baadaye, nikiwa Blackheath kwa Mzee, Furaha alipiga simu. Mahari imepangwa. Akaongeza kwa utani, "Na ule muzee wako, amekula kilio yetu, sasa ni ndugu. Muulize atatoa nini ku sherehe."

Nilimtafsiria Mzee huku nacheka, nikidhani atacheka. Alikaa akiutazama mlango.

"Kule Bordeaux kuna baridi mwezi huu?" aliuliza. "Lile koti mpelekee."

Nililishusha mwenyewe, yeye akinisimamia nilikunje vizuri. Picha ya sherehe ilipokuja, Furaha alikuwa katikati ya wakwe, kilemba cha njano kichwani, koti la kijani la Jean juu ya kitenge. Mzee aliishika picha muda mrefu, akaisogeza karibu na dirisha.

"Mikono imekuwa mifupi kidogo," alisema. Kisha akaniambia niitoboe tundu juu, niitundike pale kwenye ndoano.