Kikundi cha kuzikana cha Keza kilivyomjengea nyumba mjane aliye hai

Wakuu, salaam zenu.

Nimesoma humu mtu anaandika kwamba vijijini hatuwezi kitu mpaka NGO ishuke na gari. Nimekasirika kidogo, kwa hiyo ngoja niwape stori ya Keza, Ngara. Siongezi chumvi, nilikuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Magari meupe yenye antena ndefu yanapita na vumbi lao, yote yanaelekea kambini. Sawa, kule shida ilikuwa kubwa kweli. Ila na huku vijijini kuna watu hawakuwa na pa kulala.

Mmoja ni Mama Espe, mjane mwenye asili ya Burundi aliyeishi kwetu miaka mingi. Hakuwa mtu wa kambini, so msaada wa kambini haumhusu. Mvua ikabomoa nyumba yake, akahamia na wanawe kwenye kibanda cha mafundisho pale kigangoni, kwenye kanisa letu dogo la Kikatoliki.

Ndugu wakaanza kushauri watoto wagawanywe, huyu Runazi kwa shangazi, yule Biharamulo mjini. Mama wa watu akawa hata chakula hakipiti.

Mimi nilikuwa kwenye kamati ya misaada ya kigango. Moyo tulikuwa nao, miti hatuna. Wenye miti, majembe na masufuria makubwa walikuwa kikundi cha kuzikana. Na hao jamaa walikuwa na sheria ngumu: vifaa havitoki bila msiba.

Tukaenda na Mama Leokadia, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, kumwona mzee wa kikundi. Shikamoo, marahaba, tukaeleza shida yetu.

"Sisi tunatoka kwa ajili ya aliyefariki," mzee akasema. "Huyu yuko hai."

Mama Leokadia hakuzunguka. "Kwa hiyo mzee, mnasubiri afe ndiyo mje?"

Mzee akasema kesho asubuhi watatoka.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Hakuna aliyetangaza kwamba ni ujenzi! Watu wanaona kikundi cha kuzikana kimebeba miti na masufuria, kinaelekea kiwanjani kwa Mama Espe. Wewe ungedhani nini?

Wakaja na kuni, maharage, ndizi. Akina mama wanalia tangu njiani, wanaume wana majembe ya kuchimbia kaburi.

Wanafika, marehemu yuko kwenye udongo mpaka magotini, anaukanyaga!

Kuna waliotimua mbio, wallahi. Kuna mama alimshika mashavu kwanza ahakikishe. Tukacheka mpaka basi, hata waliokimbia wakarudi, na hakuna aliyeenda kwake. Majembe ya kaburi yakachimba mashimo ya nguzo, chakula cha msiba kikalisha mafundi. Hata Wapentekoste, ambao hatukuwa tunaiva nao, wakaleta nyasi za kuezekea.

Jioni paa lilikuwa juu, imebaki kukandika tu. Mama Espe akasimama pale na wanawe wote.

"Leo nimewaona watakaonizika," akasema. "Asanteni kwa kuja mapema. Watoto wangu hawaendi popote."

Wakuu, nililia, na sioni aibu kusema. Baadaye kikundi kikalegeza ile sheria, aliyekosa nyumba naye wakawa wanatoka kwa ajili yake.

Nilichojifunza: vikundi tunavyo tele, shida kila kimoja kinajifungia na vifaa vyake. Najivunia Keza mpaka kesho.

Haya, wa kwenu wa kuzikana wanawafanyia nini walio hai? Mwageni hapa.